Mume anataka tuzunguke Uskoti na kempavani siku 5, mi naona tutarudi tumenuniana

SWALI: Anti shikamoo. Mimi na mume wangu tunaishi Reading, Uingereza, watoto hatujajaliwa bado kwa hiyo likizo zetu ni za wawili tu. Mwezi wa 6 anataka tukodi kempavani (gari la kulala humohumo) tuzunguke ile njia ya pwani ya Uskoti, NC500, yote, kwa siku 5, na kashachagua ligari likubwa lina bafu na vitanda vinne sijui tunalala na nani. Mi naogopa barabara nyembamba, naogopa choo cha ndani ya gari (nani anakimwaga?), alafu naogopa ugomvi, maana sisi hata kwenda Birmingham tu tunagombania ramani. Leseni yangu ni ya otomatiki. Nimwambieje? Mke wa Dereva, Reading.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo njia mi na mzee wangu tumeipita, na mumeo hajakosea kuitamani, kakosea hesabu. Ni maili 516, kama kilomita 830, inaanzia Inverness inazunguka ncha yote ya kaskazini inarudi Inverness. Mtu akisikia hivyo anasema aah, si kama Dar mpaka Mbeya tu. Thubutu! Upande wa magharibi sehemu nyingi barabara ni ya gari moja, moja kabisa, anayekwenda na anayerudi wanatumia lami hiyohiyo, kuna vijisehemu vya kupishana vina vibao, ukiona mwenzako anakuja na kijisehemu kiko kushoto kwako unajibanza humo, kikiwa kulia unasimama usawa wake yeye ndo anaingia. Na ukifika unakuta kondoo kalala hapohapo.

Sisi tulikutana na lori la samaki karibu na Lochinver. Ilibidi turudi rivasi, mvua inanyesha, nikashuka kumwongoza mzee, "njoo, njoo, njoo, kata kulia", kumbe kulia kwangu mimi niliyemtazama, yeye akakata kulia kwake, tairi la nyuma likazama kwenye tope mpaka kwenye ringi. Yule dereva wa lori akashuka akasukuma na sisi wala hakununa. Tulionuniana ni sisi wawili, mpaka Ullapool. Tangu siku hiyo sheria ya nyumba ni kwamba konda hasemi kulia wala kushoto, anasema "upande wako wa usukani" au "upande wa abiria", na dereva akiwa hamwoni konda kwenye kioo anasimama hata kama anaona gari litapita. Hilo kubalianeni kabla hamjatoka Reading.

Na msijione wa kwanza. John Lennon, yule wa Beatles, mwaka 1969 alikuwa na mkewe Yoko Ono na watoto wawili, kila mmoja na wake, hukohuko kaskazini, karibu na Loch Eriboll, akaingiza gari mtaroni, wakaishia hospitali Golspie wanashonwa nyuzi.

Sasa hilo ligari. Mwambie aliache. Leseni ya kawaida ya kundi B aliyoipata mtu kuanzia 1997 kwa gari la mafuta inaishia kilo 3,500, na mengine ya vitanda vinne yanazidi hapo, aangalie uzito kabla hajalipa. Kuna mlima unaitwa Bealach na Bà kuelekea Applecross, unapanda kutoka usawa wa bahari mpaka mita 626 kwa kona za kujikunja kama nyoka, na chini kabisa kuna bango linalowashauri wanaojifunza udereva na wenye magari makubwa sana wasipite. Applecross yenyewe inafikika kwa kuzunguka pwani kupitia Shieldaig, taratibu, kwa hiyo asikwambie hakuna njia nyingine. Chukueni kivani kidogo cha watu wawili. Na ulizia gia! Vingi ni manyuo na leseni yako haikuruhusu, utakaa kiti cha abiria wiki nzima unasahihisha mtu, ugomvi unaouogopa ndo huo sasa.

Choo. Ni kisanduku kinachochomolewa kwa kimlango cha nje ya gari, kina mpini na vijitairi, unakiburuta kama sanduku la eapoti mpaka sehemu maalumu pale kambini, unamwaga, unasuuza, unatia dawa ya bluu, unarudisha. Dakika 5. Ukikiacha kijae ndo kinakuwa kizito na habari zake zinakuwa nyingine. Kwetu zamu ni kwamba aliyepika hamwagi, na sijawahi kumwona mzee anapika kwa bidii vile. Msimwage ziwani wala kichakani tafadhali, wenyeji wamechoshwa na hiyo tabia na wana haki.

Kulala, watu watawadanganya kwamba Uskoti unalala popote. Sheria ya 2003 inampa haki ya kupiga hema mtu anayetembea kwa miguu, gari haimo. Tafuteni kambi, mwezi wa 6 wekeni nafasi mapema.

Ningekuwa mimi, siku 5 ningechukua upande wa magharibi tu. Kutoka Reading msiendeshe, ni zaidi ya maili 500 kabla hata safari haijaanza, pandeni treni ya kulala kutoka London mpaka Inverness mkodi gari huko. Siku ya kwanza mpaka Ullapool, njiani mshuke Corrieshalloch muone maporomoko kutoka juu ya daraja linaloyumba. Alafu Achmelvich usiku mbili, mchanga mweupe na maji ya kijani utasema uko Paje mpaka utie mguu, hayo ni maji ya friji. Alafu vukeni daraja la Kylesku mkalale Durness, kambi iko juu ya jabali bahari iko chini yenu, na pango la Smoo mnalifuata kwa miguu, ndani yake kuna maporomoko. Siku ya mwisho mnakatiza Lairg kurudi Inverness. John o' Groats, kule pembe ya kaskazini mashariki, iacheni, ni kibao cha kupigia picha.

Jua mwezi huo linazama karibu saa nne na nusu usiku, bebeni kitambaa kizito cha dirisha, na kama mnaswali muulizeni shehe mapema habari ya Isha. Upepo ukitulia jioni visubi wanatoka makundi kwa makundi, wadogo kama chembe za pilipili manga, wanauma kila kilicho wazi, kwa hiyo mlango unafungwa kabla taa haijawashwa. Mafuta jazeni tenki likifika nusu, vituo viko mbalimbali.

Jiko la mkaa msiingize ndani hata kama mvua inanyesha vipi, ile hewa yake inaua mtu usingizini. Ugali unasongeka vizuri tu kwenye gesi ya gari, ila sufuria mtu mwingine alishikilie, na unga na mwiko mtoke navyo nyumbani.