Koti la Mtumba, Helmeti Mpya: Ninavyomjibu Mama Aliyeniuliza Kuhusu Mavazi ya Hanta

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe wa dada mmoja, mzaliwa wa Mombasa anayeishi Maryland, Marekani, ambaye binti yake wa miaka 11 ameanza kuruka vizuizi na anajiandaa kwa mashindano yake ya kwanza ya hanta, yale ambayo jaji humpima farasi kwa anavyoruka, mwendo wake na adabu yake. Alikuwa amepewa orodha ya mavazi dukani, akaijumlisha, akakuta inakaribia kodi ya nyumba ya mwezi mzima. Akaniuliza kwa maneno yaliyonikaa moyoni: "Hivi ni lazima vyote hivi, au wanatuuzia woga wetu?" Nimeamua kumjibu hapa kwa urefu, kwa sababu swali hilo niliwahi kulilipia mimi mwenyewe, tena mbele za watu.

Nilizaliwa Nairobi, na baba yangu alikuwa saisi katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kwa hiyo harufu ya ngozi ya tandiko na nyasi kavu ndiyo harufu ya utoto wangu. Nilipohamia Virginia mwaka 2003, kazi iliyonipa riziki haikuwa ya kupanda farasi bali ya kusuka. Farasi wa hanta husukwa singa za shingoni ziwe mabutu madogo madogo, 30 na zaidi, kila moja likifungwa kwa uzi wa sufu unaofanana na rangi ya singa zenyewe, na kazi hiyo hufanyika usiku ili kunapokucha farasi awe tayari. Nilikuwa nikisimama juu ya kigoda, nyuzi zimening'inia kiunoni, vidole vikifanya yale yale niliyofundishwa na shangazi yangu uani kwetu Kawangware. Baada ya miaka minne ya kuwasuka farasi wa wengine, nilipata nafasi ya kumwingiza uwanjani farasi mmoja wa zizi nililofanyia kazi, katika daraja la wanaoanza.

Mwenye zizi, mama mtu mzima aliyekuwa ameshindana ujanani, alinipa mavazi yake kwa moyo safi kabisa: koti zito la sufu lenye mirabaraba ya kahawia na kijani, brichesi (suruali za kupandia farasi) za rangi ya kutu, buti ndefu nyeusi, na kofia ya mahameli yenye lastiki nyembamba ya kupita chini ya kidevu. Nilijitazama katika kioo cha lori nikaridhika. Langoni, msimamizi aliivua ile kofia kichwani mwangu, akaigeuza, akabonyeza ndani kwa kidole gumba akitafuta lebo ya usalama, asiione. Akasema haiingii uwanjani. Msichana mmoja aliniazima helmeti yake, lakini mimi nilikuwa nimesuka rasta na kuzifunga fundo kisogoni, kwa hiyo helmeti ilikaa juu juu. Kizuizi cha tatu iliniteremkia machoni, nikavuta hatamu bila kukusudia, na farasi, ambaye hakuwa na kosa lolote, akasimama. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nami siku ile nilielewa walichokuwa wakisema. Nilipokuwa nikitoka, nilisikia wanawake wawili waliosimama uzioni wakiulizana nimetoka katika picha ya mwaka gani, kisha wakacheka. Ilikuwa mwaka 2007, na kicheko kile bado ninakisikia.

Kilichonisumbua zaidi kuliko kicheko ni swali hili: kwa nini mavazi yaliyomletea yule mama tepe za buluu, zile za mshindi wa kwanza, miaka ya 1970 yaliniaibisha mimi? Niliuliza, nikachungulia picha za zamani zilizotundikwa katika ofisi za mazizi, nikawasikiliza mafundi wa buti na watu waliokula chumvi nyingi katika mchezo huu, mpaka nikaanza kuelewa.

Mambo yote yanaanzia kwenye uwindaji wa mbweha. Mashindano ya hanta ya Marekani yalizaliwa humo, na hapa Virginia onyesho la Upperville limekuwapo tangu mwaka 1853, likihesabiwa kuwa onyesho la farasi kongwe kuliko yote nchini. Mwindaji hakuvaa kwa ajili ya kupendeza tu. Koti la sufu nzito lilimkinga na mvua na miiba. Ile skafu nyeupe ya shingoni iitwayo stoki ilikuwa bandeji ya dharura, ya kumfunga mtu au farasi aliyeumia mbali na nyumbani, na pini iliyoishikilia ilikuwa pini kweli, ya kuibana bandeji hiyo. Mwanamke aliyepanda kwa kukaa upande, miguu yote miwili upande mmoja wa farasi, alikuja kushonewa sketi iliyofunguka nyuma mithili ya aproni, kwa sababu sketi nzima ilikuwa ikinasa kwenye tandiko mtu anapoanguka na kumfanya aburutwe. Hata katika uwanja wa maonyesho, yako madaraja ambayo jaji aliweza kufungua kikasha cha ngozi kilichofungwa kwenye tandiko ili aone kama kweli kina sandwichi ndani. Ninayataja haya kwa sababu mtu akijua kila kipande kilikuja kufanya kazi gani, ni vigumu kumuuzia asichokihitaji.

Chukua suruali. Zile brichesi za picha za kale, zilizotuna mapajani kama mbawa, zilishonwa vile kwa sababu kitambaa cha wakati huo hakikuvutika, na bila nafasi ile mpandaji asingeweza kukunja goti. Ndugu zake ni jodpa, vazi lililotoka Jodhpur huko India na ambalo Sir Pratap Singh na watu wake walilivaa London mwaka 1897, kwenye sherehe za miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria, mpaka mafundi wa Uingereza wakaanza kuliiga. Vilipokuja vitambaa vya kuvutika baada ya vita vya pili vya dunia, zile mbawa zikakosa kazi na suruali ikabana mguu. Baada ya hapo yaliyobadilika kwa kiasi kikubwa ni rangi: njano ya malai, kisha ile rangi ya kutu iliyotamba miaka ya 1970 na 1980, kisha kahawia hafifu ambayo imetawala hadi leo. Kwenye magoti, ngozi laini imewapisha vijidoti vya silikoni vinavyoshika tandiko. Rangi ya kutu haimwangushi mtu. Ilinifanya nionekane wa zamani, basi.

Makoti nayo yana historia yake, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Twidi na sufu nzito zilitawala kwa miongo, zikafuata mirabaraba ya wazi kama ile niliyorithi, halafu kijani kilichokoza na vijistari vyembamba, hadi tulipofika kwenye bluu iliyokoza ambayo siku hizi karibu kila mtu anaivaa. Mabadiliko makubwa ya kweli yamekuja katika miaka hii 15 au zaidi, pale koti lilipoanza kushonwa kwa kitambaa chepesi chenye kuvutika na kupitisha hewa, ambacho unakiosha kwa mashine nyumbani badala ya kukipeleka kwa dobi. Mtu ambaye hajawahi kuvaa sufu mwezi wa saba hapa Virginia, jasho likimtiririka mgongoni kabla hata hajapanda, hawezi kuelewa neema hiyo. Joto lenyewe linatambuliwa hata na kanuni, kwani waandaaji wanaruhusiwa kusamehe makoti siku ya fukuto, na wapandaji wakaingia na mashati yao yenye ukosi wa kufunga shingoni.

Hata hivyo, jaji wa hanta anamtazama farasi: anavyoruka, anavyotembea kwa mwendo mmoja, adabu yake. Vazi lako linatakiwa kunyamaza ili farasi asikike. Koti la bluu la miaka 10 iliyopita, lililokaa vizuri mabegani, linanyamaza sawasawa na la mwaka huu lenye nembo ya Italia kifuani. Nimewaona wazazi wakikopa ili watoto wao wafanane na wenzao, na ninasema bila kuwaonea haya kwamba huko ni kumfundisha mtoto kuona aibu kwa kitu kisicho cha aibu. Nunueni mtumba. Mpeni fundi cherehani apunguze mikono. Nunueni mtumba, ninarudia, kwa sababu watoto wa hanta hurefuka haraka kuliko koti linavyochakaa.

Kichwa ni habari nyingine kabisa, na hapo sina upole. Kofia ya mahameli ya zamani ilikuwa pambo. Ganda lake jembamba halikuwa na kitu cha kumeza kishindo, na ile lastiki ilikatika au kuteleza kabla mtu hajafika chini. Viwango vya usalama vya ASTM, na cheti cha SEI kinachothibitisha kwamba helmeti imevifikia, vilipopatikana, wengi walivikataa kwa sababu helmeti mpya zilikuwa kubwa na zilionekana kama uyoga, na ilibidi kanuni ziwalazimishe, watoto kwanza na watu wazima baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2010 mpandaji wa Olimpiki Courtney King-Dye alianguka akiwa mazoezini bila helmeti na kuumia vibaya ubongo, na ajali hiyo ilibadilisha mioyo ya watu ambao kanuni hazikuwafikia. Tangu Desemba 2022 maabara ya Chuo Kikuu cha Virginia Tech inazipima helmeti za wapanda farasi na kuzipa nyota, na matokeo yake yako wazi mtandaoni bila malipo. Yasome kabla ya kwenda dukani, kwa sababu yalionyesha wazi kwamba bei kubwa si dhamana ya nyota nyingi. Usinunue helmeti ya mtumba hata ukiapiwa. Ikishaanguka na kichwa ndani yake, povu la ndani limekwisha kazi, ingawa kwa nje inang'aa.

Kwa sisi wenye nywele za kipilipili liko jambo ambalo maduka mengi hayalisemi. Mtindo wa hanta unataka nywele ziingie ndani ya wavu na kufichwa chini ya helmeti, na mtindo huo ulitungwa na watu wenye nywele laini. Mtoto akivaa helmeti kubwa ili rasta zienee, siku amefumua itacheza kichwani. Binti yangu tunamsuka mistari iliyolala, inayoelekea nyuma na kuishia chini kabisa kisogoni, na mtindo huo haubadilishwi msimu mzima. Wako waliotuambia hauonekani nadhifu. Mimi ninayewasuka farasi wao ninajua unadhifu ni nini, na sikumbadilisha.

Jambo moja la zamani limerudi, nami linanifurahisha. Tangu dabi za hanta, mashindano ya hadhi ya juu ya hanta, zilipoanza kushika kasi kuanzia mwaka 2009, wapandaji wamerudia shadibeli, lile koti lililokatwa kiunoni kwa mbele na kuning'iniza mikia miwili nyuma, pamoja na stoki nyeupe na ncha za fulana ya njano. Ni vazi zuri mno likipita juu ya kizuizi. Mtoto wa miaka 11 halihitaji.

Mwezi uliopita binti yangu, ambaye ametimiza miaka 13, alitwaa ubingwa wa daraja lake katika uwanja ule ule nilioaibikia mimi. Alivaa koti lililopita kwa wasichana wawili kabla yake, brichesi za mtumba, na helmeti mpya tuliyoichagua kwa nyota zake. Nilisimama uzioni, mahali walipokuwa wamesimama wale wanawake wawili, nikalia bila kujificha.

Kwa hiyo dada yangu, kwa binti yako chukua jodpa, buti fupi na vile vikanda vya ngozi vya chini ya goti. Ndivyo watoto wa umri wake wanavyovaa, na buti ndefu zingembana kabla mwaka haujaisha. Helmeti nunua mpya, na mpime akiwa amekwisha kusukwa atakavyosukwa siku ya mashindano. Shati jeupe la ukosi mnalo tayari, uliniambia. Koti usinunue. La bluu alilovaa binti yangu alipokuwa na umri wa wako limening'inia hapa nyuma ya mlango, limeoshwa, na kifungo chake cha chini nimekirudishia mwenyewe. Nitumie vipimo vya mabega na urefu wa mkono.