Kadi ya kliniki ya Dar kwenye shule za Ohio

Dada, hiyo barua ya shule kwamba mwanao atarudishwa nyumbani akikosa ushahidi wa chanjo isikutie presha. Sheria ya Ohio, jimbo la Marekani, inatoa siku 14 tangu aanze shule, na akishachomwa dozi za kwanza anaendelea kusoma mradi amalizie zilizobaki kwa ratiba.

Kadi ya kliniki uliyotoka nayo Dar ndiyo mali, hata kama imechakaa, ilimradi tarehe zinasomeka. Pentavalenti, sindano moja yenye chanjo kadhaa, imo: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B. Atakapokwama zaidi ni kwingine. Sindano yetu ya surua na rubela haina matumbwitumbwi, na tetekuwanga haimo kabisa kwenye ratiba ya nyumbani, kwa hiyo hizo watazidai. Kovu la BCG (chanjo ya kifua kikuu) begani, ambalo sisi tunalionyesha kwa fahari, shule haina haja nalo.

Pesa je? Mtoto asiye na bima, au mwenye Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo), chanjo yenyewe ni bure mpaka miaka 18 kupitia mpango wa serikali kuu. Anzia idara ya afya ya mji. Shuleni peleka kopi tu. Kadi yenyewe usimwachie mtu.