Uliza Bwana Shamba: Ukoka na ndago chini ya michungwa

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina michungwa huku Muheza, mingi ina zaidi ya miaka kumi, ila nyasi zinanitesa hasa ukoka na ndago. Kila msimu naweka vibarua wanalima kwa jembe mpaka shinani, shamba linang'aa, lakini mvua zikipiga tu zinarudi kwa fujo kuliko mwanzo. Halafu miti mingine imeanza kutoa gundi kule chini na majani yanageuka njano. Jirani anasema nipulizie dawa shamba zima niachane na vibarua. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Hapo jembe ndio linakuponza. Mchungwa ukiuona mkubwa vile unadhani mizizi yote imezama chini, kumbe vile vizizi vyembamba vinavyonyonya maji na mbolea vingi viko juu juu tu na vinatambaa mpaka nje ya kivuli, sasa kila palizi unavikata afu unashangaa majani njano. Na ukoka ukiukatakata umeupanda upya, kila kipande kinachipua. Ndago nayo vile vitunguu vyake viko chini, jembe linavitawanya tu.

Hiyo gundi iangalie mapema. Jembe likichubua gome, fangasi wa kwenye udongo anaingilia hapohapo. Fukua udongo uliorundikana shinani mpaka uone mizizi mikubwa inapoanzia, kwangua palipooza kwa kisu mpaka ukute gome zima, paka dawa ya fangasi yenye madini ya shaba, na usirudishe udongo.

Chini ya kivuli sasa ni kufyeka tu, tena kabla nyasi hazijatoa mbegu, na ulichofyeka kilaze palepale kiwe matandazo, unene kama sentimita 10 hivi, ila acha nafasi ya kama sentimita 30 kuzunguka shina maana matandazo yakigusa gome unakaribisha uozo na mchwa. Ukoka uliong'olewa na mizizi yake anika juani ukauke kwanza. Ndago itatoboa matandazo, haina adabu ile, we subiri mvua ilainishe udongo uing'oe kwa mkono pamoja na vitunguu. Na pale mti ulipokufa ziba pengo, panda mwingine, ukoka haupendi kivuli kabisa.

Katikati ya mistari acha nyasi, fyeka ziwe fupi basi. Kwenye miinuko ya huko kwenu ukiacha udongo mtupu masika yanaubeba wote.

Dawa za kuua magugu aina ya glaifoseti siyo mwiko, ila shamba zima hapana. Pulizia madoa ya ukoka sugu tu, asubuhi hakuna upepo, nozeli iwe chini, maana ikigusa majani ya mchungwa au machipukizi ya shinani inashuka mpaka kwenye mizizi. Na hilo bomba usije ukalitumia kupulizia dawa ya wadudu kwenye miti hiyohiyo.

SWALI: Mimi niko Kilifi, nina miembe mikubwa. Nikiwaachia mbuzi wale nyasi kuna shida?

JIBU: Miembe ikiwa mirefu sawa, ila wafunge kamba, na isifike shinani. Kiangazi nyasi zikiisha mbuzi anageukia gome, akilimenya kuzunguka shina lote mti unakufa. Na wakati maembe yako chini chini wasiingie kabisa, watakula kabla yako.