Kikohozi cha wiki tatu hakisubiri chupa nyingine

Ndugu yangu, umeeleza kwamba mzee wako anakohoa kwa wiki ya tatu sasa, na kwamba chupa mbili za dawa ya kikohozi hazikumsaidia. Asinunue ya tatu. Mafua ya kawaida huweza kuacha kikohozi cha siku kadhaa, lakini hapa Tanzania mtu akikohoa kwa wiki mbili au zaidi hutakiwa kupimwa kifua kikuu, hata kama hajakonda wala hatokwi na jasho usiku. Kipimo na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya umma. Atakapopewa kikopo, atoe makohozi mazito yanayotoka kifuani, si mate. Amweleze daktari pia dawa zote anazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa za presha, kama vile enalaprili, huleta kikohozi kikavu kisichokoma, ingawa hapaswi kuziacha kwa uamuzi wake mwenyewe.

Akikohoa damu, akipata maumivu makali ya kifua au akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, apelekwe hospitali papo hapo.

Kuhusu mjukuu wa mwaka mmoja na nusu aliyeanza kukohoa juzi, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 40 au zaidi, huenda ni nimonia, hivyo apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Na kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, msingoje kupambazuke.