Dirisha la besimenti: shusha chini kabla ya kutanua

Kaka, kama mdogo wako ndo atalala huko besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, basi hako kadirisha ka juu hakafai, Marekani chumba cha kulala lazima kiwe na dirisha la kutokea moto ukiwaka. Kanuni za majimbo mengi zinataka uwazi wa futi za mraba 5.7 (dirisha la usawa wa ardhi au chini yake nyingi zinakubali 5.0), upana usipungue inchi 20, urefu 24, na kizingiti cha chini kisizidi inchi 44 toka sakafuni. Sasa hapo ndo watu wanapigwa, 20 mara 24 ni kama futi 3.3 tu, haifiki! Na wanapima sehemu inayofunguka, sio fremu, kwahiyo yale ya kuteleza nusu yake inakuwa imeliwa na kioo.

Ulivyouliza kama utanue pembeni au ukate kwenda chini, mi nakwambia kata chini, ukibaki na upana uleule ile linta ya juu, boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha, haiguswi, ukitanua unaanza habari za linta mpya na injinia na hela inaruka. Zege likatwe kwa msumeno unaomwagiwa maji maana lile vumbi sio mchezo kwa mapafu.

Nje, mbele ya dirisha, utachimba kishimo kitoke ukutani angalau inchi 36, kikizidi kina cha inchi 44 weka ngazi, na chini kokoto na bomba la kutolea maji, la sivyo mvua kubwa moja tu unaamka godoro linaelea. Pemiti, yaani kibali cha ujenzi, chukua kwanza, na piga simu 811 kabla ya kugusa koleo ili wenye mabomba na nyaya waje kuonyesha mabomba ya gesi na nyaya, ni bure.