Kile kifaa cha kifuani hakichezeshi mkono
Dada umeuliza kama kile kifaa cha kuzikwa kifuani kitauinua mkono wa mzee uliolemaa kwa kiharusi: hapana, hakitauinua chenyewe. Unachouliza ni Vivistim, FDA, wakaguzi wa dawa na vifaa tiba wa Marekani, waliipitisha 2021 kwa waliopata kiharusi cha damu kuganda mkono ukabaki mzito. Kinazikwa chini ya ngozi kifuani, waya unapanda mpaka neva ya vagasi (mshipa wa fahamu unaotoka ubongoni) shingoni, sasa mzee akiwa mazoezini anahangaika kushika kikombe mtaalamu anabonyeza kitufe, kinapiga kashoti ka umeme ka nusu sekunde hivi na ubongo unaushika ule mwendo wa mkono. Bila mazoezi ya kurudiarudia betri imekaa bure tu.

Kifaa cha kukaza misuli ya mkono moja kwa moja kilikuwa Freehand, 1997, cha waliovunjika shingo mikono ikapooza, ukisogeza bega vidole vya mkono wa upande wa pili vinafumba (raha kweli), ila waliacha kukiuza.