Jibu: Namna ya kujua programu zinazofuata mahali ulipo na zinazofungua maikrofoni ya simu

Ndugu uliyeuliza kama kuna njia ya kujua ni programu gani ndani ya simu hujua mahali ulipo na ni gani hufungua maikrofoni, ukaongeza kwamba mkeo hataki tena kuzungumza mambo ya nyumbani mbele ya simu, nitakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe. Njia ipo, imo ndani ya simu yenyewe, na haihitaji fundi wala programu ya ziada. Ila nadhani wengi wetu huanza kuikagua simu kwa upande usiofaa: tunaihofia maikrofoni, ilhali kinachovuja kila siku ni mahali tulipo.

Mimi na ndugu yangu tuna mashua hapa Lamu, tukivusha abiria na wageni baina ya gati la mji, Shela, Manda na Mokowe, na mara nyingine tukielekea Pate kwa kupitia mlango wa bahari wa Mkanda. Kazi hii ni ya kutazama maji. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ukichelewa kidogo tu, Mkanda utakuachia chombo juu ya mchanga, nawe utakaa hapo na abiria wako mkitazamana mpaka maji yarudi. Wazee wetu walihesabu kwa mwezi. Mimi, nakiri, nilipakua programu ya bure inayoonyesha saa za maji kujaa na kupwa. Ilipofunguka mara ya kwanza iliomba ruhusa ya mahali, kisha ikanipeleka mpaka kwenye ukurasa wa mipangilio ili nichague ruhusa ya wakati wote, kwa maelezo kwamba bila ya hivyo haitaweza kunitahadharisha maji yanapogeuka. Nikakubali kama mtu anayekubali chai.

Miezi kadhaa baadaye betri ilianza kuisha kabla ya alasiri, na kijana mmoja wa duka la simu, badala ya kuniuzia betri nyingine, aliniambia nifungue kwanza Dashibodi ya faragha. Sehemu hiyo imo kwenye simu za Android 12, toleo lililotoka mwaka 2021, na zote zilizofuata. Unafungua Mipangilio, unaingia Faragha (simu nyingine huandika Usalama na faragha), halafu unagusa Dashibodi ya faragha. Utaona duara lenye rangi linaloonyesha mahali, kamera na maikrofoni vimetumiwa na programu ngapi katika saa 24 zilizopita, na katika matoleo mapya unaweza kurudi nyuma mpaka siku 7. Ukigusa neno Mahali, inafunguka orodha iliyopangwa kwa saa, kila saa na jina la programu yake.

Orodha yangu ilikuwa hivi: 2:14, ile programu ya maji; 2:44, ile ile; 3:14, ile ile; ikaendelea hivyo mpaka alfajiri. Kwa hesabu yetu hizo ni saa nane na saa tisa za usiku, simu ikiwa juu ya kabati na mwenyewe nimelala. Maji ya Lamu hayabadilishi ratiba yake kwa sababu nimegeuka kitandani, na gati halijahama tangu nilipolala, kwa hiyo sikuona sababu yoyote ya kazi iliyoihitaji programu ile kuniuliza nilipo kila nusu saa. Lazima niwe mwadilifu hapa: dashibodi hukwambia nani amechukua na saa ngapi, lakini haikwambii alikipeleka wapi alichokichukua. Nilichofanya ni kurudi kwenye ukurasa wa programu hiyo katika Play Store na kusoma sehemu ya Usalama wa data, ambayo ilianza kuwekwa mwaka 2022 na hujazwa na mwenye programu mwenyewe. Pale palikuwa pameandikwa, kwa kauli yake mwenyewe, kwamba mahali alipo mtumiaji hugawiwa wengine kwa ajili ya matangazo. Sikuibiwa, ndugu yangu. Nilitoa.

Marekebisho yalichukua chini ya dakika moja. Unabonyeza ikoni ya programu bila kuachia, unagusa maelezo ya programu, kisha Ruhusa, kisha Mahali. Hapo kuna uchaguzi wa kuruhusu wakati wote, kuruhusu wakati unapoitumia programu tu, kuulizwa kila mara, au kutoruhusu kabisa. Chini yake, kuanzia Android 12, kuna swichi ya mahali mahususi, na swichi hii ndiyo naipenda kuliko zote. Ukiizima, programu haipewi tena nukta uliyosimama bali eneo la takriban kilomita 3 za mraba. Mji wetu wa kale uliosajiliwa na UNESCO mwaka 2001 hauzidi hekta 16, maana yake ni kwamba mtaa wetu, ngome, soko, gati na sehemu ya mkondo wa bahari vyote huingia ndani ya doa moja, na anayenitafuta hajui kama niko baharini au msikitini. Kwa saa za maji hilo linatosha kabisa, kwa kuwa maji hayajai mbele ya ngome kwa saa moja na Shela kwa saa nyingine kabisa. Programu ile ilinung'unika kwa ujumbe mwekundu siku mbili, nikaichagulia jina la Lamu kwa mkono, na mpaka leo inafanya kazi.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui kuhusu ile ruhusa ya wakati unapoitumia programu. Programu ikibandika taarifa ya kudumu pale juu ya skrini, simu huihesabu kuwa bado inatumiwa, hata kama umeifunga na simu imo mfukoni. Kwa wenye bodaboda na programu za kuelekeza njia hilo ni sawa na lazima. Kwa mchezo wa watoto si sawa.

Baada ya kuona orodha ile nilifanya kosa la mtu mwenye hasira, nikazima mahali kwa simu nzima. Siku ya pili ndugu yangu alikuwa Mokowe na abiria wanaosubiri, nami njiani kutoka Manda dhidi ya upepo, na sisi huwa tunatumiana mahali pa moja kwa moja kwa WhatsApp ili anayesubiri asipige simu kila dakika tano. Hakuona kitu, akadhani nimepatwa na jambo. Nilipowasha tena ndipo nikakumbuka kuingia Mipangilio ya WhatsApp, Faragha, kisha mahali pa moja kwa moja, ambapo huorodheshwa wote unaowatumia kwa wakati huo. Nikakuta kundi la wageni watatu niliowashusha Shela asubuhi. Nilikuwa nimewawekea saa 8 badala ya dakika 15 au saa 1, kwa hiyo wale watu waliweza kunitazama nikirudi nyumbani, nikila chakula cha mchana na nikilala kidogo. Programu haikuwa na kosa lolote hapo; kidole kilikuwa changu.

Sasa maikrofoni. Khalati yangu, yaani dada wa mama, kama mkeo, alishikilia kwamba simu humsikiza. «Simu hii yanisikiza, mwanangu, nilitaja godoro usiku, asubuhi naletewa magodoro.» Tulikaa barazani tukafungua dashibodi yake, upande wa Maikrofoni. Kwa siku ile nzima kulikuwa na programu moja tu, WhatsApp, na kila saa iliyoandikwa ililingana na jumbe za sauti alizomtumia binti yake aliye Mombasa. Tulipouliza nyumbani, mjukuu wake alikiri kwamba jioni ile aliichukua simu hiyo hiyo akatafuta bei za vitanda. Kwa muhtasari, matangazo hayahitaji masikio: yanatosheka na ulichotafuta, ulichogusa, mliokaa nao kwenye mtandao mmoja wa Wi-Fi, na mahali ulipopita. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern huko Marekani walizichunguza programu za Android zaidi ya 17,000 na hawakupata ushahidi wa programu zinazorekodi mazungumzo kwa siri na kuyapeleka; walichokuta, na hakikuwa kidogo, ni baadhi ya programu zilizokuwa zikipeleka picha na video za yaliyokuwa kwenye skrini.

Hata hivyo sitasema kwamba maikrofoni ni salama tu. Mashabiki wa mpira watakumbuka kisa cha programu rasmi ya La Liga ya Hispania. Ilikuwa ikifungua maikrofoni ya simu wakati wa mechi na kutazama mahali simu ilipo, ili kugundua baa zinazoonyesha mpira bila leseni, na mwezi wa Juni 2019 mamlaka ya nchi hiyo ya kulinda data iliitoza ligi hiyo faini ya euro 250,000 kwa kutowaeleza watumiaji waziwazi. Ligi ilipinga, ikisema sauti hugeuzwa kuwa alama na maneno ya watu hayasikilizwi. Mimi lililonikaa ni kwamba watumiaji walikuwa wamebonyeza kitufe cha kukubali.

Kwa hiyo ukiwa na Android 12 au zaidi, zoea kutazama kona ya juu kulia ya skrini. Maikrofoni au kamera ikifunguliwa hutokea alama ya kijani, na ukivuta pazia la juu na kuigusa itakutajia jina la programu. Katika pazia hilo hilo unaweza kuongeza kitufe cha kuzima maikrofoni kwa programu zote; programu ikijaribu kusikiliza hupewa ukimya. Kwa wenye iPhone, tangu iOS 14 ya mwaka 2020 nukta ya rangi ya chungwa ni maikrofoni na ya kijani ni kamera, na tangu iOS 15.2 kuna ripoti ya faragha ya siku 7 ambayo ni lazima uiwashe kwanza ndipo ianze kuandika. Katika orodha ya huduma za mahali, mshale wa zambarau huonyesha programu iliyotumia mahali hivi karibuni, na wa kijivu iliyotumia ndani ya saa 24.

Programu za mikopo nazitaja peke yake, kwa maana huku kwetu ndizo huomba kila kitu na watu wakakubali kwa shida zao. Tangu tarehe 31 Mei 2023 sheria za Play Store zinazikataza programu za mikopo binafsi kufikia majina na namba za watu ulizohifadhi kwenye simu, picha zako na mahali mahususi ulipo. Ukiikuta iliyo na ruhusa hizo, hasa iliyopakuliwa kwa kiungo ulichotumiwa nje ya Play Store, iondoe leo leo, ila soma kwanza mistari hii inayofuata. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Piga picha ya orodha ya dashibodi yenye saa zake kabla hujaiondoa programu, kwa kuwa ukishaiondoa utabaki na maneno matupu.

Mambo mawili hayaonekani katika dashibodi. La kwanza ni akaunti yako ya Google. Mwaka 2018 shirika la habari la Associated Press lilionyesha kwamba hata mtu akizima historia ya mahali, mahali pake paliendelea kuhifadhiwa kupitia mpangilio mwingine wa shughuli za wavuti na programu, na Novemba 2022 Google ilikubaliana na majimbo 40 ya Marekani kulipa dola milioni 391.5. Ingia katika akaunti ukazime vyote viwili. La pili ni Ufikivu, sehemu iliyowekwa kwa ajili ya wenye ulemavu: programu iliyowashwa humo inaweza kusoma yaliyo kwenye skrini bila kugusa maikrofoni wala mahali. Mimi nilikuta humo programu ya kusafisha simu ambayo hata sikumbuki nani aliipakua.

Majina ya menyu hutofautiana kidogo baina ya Tecno, Samsung na nyinginezo. Ukinitajia aina ya simu ya mkeo na toleo lake la Android, nitakuandikia njia yake hatua kwa hatua, ila iwe baada ya magharibi, nikishafunga mashua.